Mwanangu ameandikiwa achukuliwe nyama ya paja. Je, ni lazima?

"Daktari, shikamoo. Nina watoto watatu: binti wa miaka 11, mvulana wa miaka 6 na mwingine wa kiume wa miezi 8. Shida iko kwa huyu wa miaka 6. Alichelewa kutembea. Sasa anaanguka mara kwa mara, ngazi hapandi mpaka ashike ukuta, na akitaka kuinuka chini anageuka kifudifudi, anaweka mikono magotini na kujisukuma mpaka asimame. Vigimbi vyake vimejaa, watu wanasema atakuwa mchezaji. Mwaka jana tulihangaika na ini kwa sababu vipimo vya damu vya ini, ALT na AST, vilikuwa juu. Tukapewa dawa, hakuna kilichobadilika. Mwezi uliopita daktari mwingine alipima damu kipimo kiitwacho CK, ikatoka 14,600. Akatuandikia rufaa tukachukuliwe nyama ya paja, na akagusia kwamba huenda na neva ya mguuni ikakatwa kipande. Mama mkwe amekataa kabisa. Anasema nyama ikiguswa na kisu ugonjwa utasambaa na mtoto hatatembea tena. Mimi ninavyojua, nyama huchukuliwa kwa mtu mwenye saratani. Je, mwanangu ana saratani? Kipimo hiki ni lazima? Kina madhara gani? Sijui kama inahusika, ila kaka yangu alifariki akiwa na miaka 17, na alikuwa hatembei tangu yuko shule ya msingi."

Marahaba, mama. Nianze na saratani ili tuiweke kando. Katika maelezo yako sioni kitu kinachoelekeza huko, na sidhani kama daktari wako aliiwaza. Nyama huchukuliwa mwilini kwa sababu nyingi, ila mtaani inayosikika zaidi ni hiyo. Kwa mtoto kama wako kinachotafutwa ni kwa nini misuli inaharibika.

Sijamgusa mwanao, kwa hiyo siwezi kuupa ugonjwa wake jina nikiwa huku. Lakini ulivyomweleza anafanana sana na watoto wenye ugonjwa wa misuli uitwao Duchenne, au ule wa jamii yake ulio mpole zaidi, Becker. Vile vigimbi watu wanavyovisifu havina nguvu zinazolingana na ukubwa wake. Sehemu ya kinachovijaza ni mafuta na kovu. Anajisukuma kwa mikono kwa sababu misuli ya nyonga na mapaja haiwezi tena kumwinua peke yake. Na ile sentensi ya mwisho kuhusu kaka yako, uliyosema hujui kama inahusika, ndiyo iliyonifanya niisome barua yako mara ya pili. Inahusika sana. Nitaifikia.

Kwanza hili la ini, maana hapo watoto wengi hupotezewa muda. ALT na AST, ambazo ni vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi ndani ya seli, hazitoki kwenye ini tu, zimo pia ndani ya misuli. Misuli ikivuja, zinapanda kwenye damu, na anayesoma karatasi ya maabara bila kumwangalia mtoto anavyoinuka sakafuni atadhani ini ndilo bovu. Kipimo kingine cha ini, GGT, ambacho hakipandi kwa ugonjwa wa misuli, kingeweza kuwatoa huko mapema. CK, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli inayoharibika, ndiyo inayosema habari za misuli. Kwa kawaida ya mtoto huwa chini ya 200 au karibu na hapo, na 14,600 haiwezi kuletwa na kucheza mpira. Kwa wenye Duchenne huwa juu mara 10 hadi 100 kuliko kawaida. Kama bado anameza dawa za ini, peleka hilo kwa daktari wako wa sasa mara moja.

Kwa nini misuli ivuje? Kila uzi wa msuli una ngozi nyembamba sana inayouzunguka, na chini ya ngozi hiyo kuna protini inayoitwa distrofini. Kazi yake ni kuishikiza ile ngozi kwenye mhimili wa ndani ya uzi. Mtu mwenye Duchenne hana protini hiyo, au anayo kidogo mno. Ni kama ukuta wa udongo uliojengwa bila fito: unasimama, watu wanaingia na kutoka, lakini kila mvua inaondoka na kipande. Mtoto akikimbia, akiruka, akishuka ngazi, nyuzi zinachanika kidogo kidogo. Mwili unakarabati, unakarabati, mpaka ukarabati unazidiwa, na palipokuwa na msuli panabaki mafuta na kovu.

Maagizo ya kutengeneza distrofini yako kwenye vinasaba, katika kifurushi cha vinasaba kiitwacho kromosomu X. Jeni yake, yaani kinasaba chenyewe, ni miongoni mwa ndefu kuliko zote za binadamu, ina vipande 79, na urefu huo ndio unaoifanya iwe rahisi kupata hitilafu. Iligunduliwa miaka ya 1980, na protini yenyewe ikatambuliwa mwaka 1987. Nakutajia mwaka huo kwa sababu. Kabla yake, njia ya kuutambua ugonjwa huu kwa uhakika ilikuwa kuangalia msuli wenyewe. Duchenne mwenyewe, tabibu wa Kifaransa, katika miaka ya 1860 alitengeneza sindano maalumu ya kunyofoa vipande vidogo vya msuli kwa wagonjwa walio hai, jambo lililokuwa geni wakati huo. Vizazi vya madaktari vimefundishwa kwamba misuli ikilegea na CK ikiwa juu, chukua nyama. Kwa hiyo daktari wako hajakosea. Amefuata njia inayojulikana. Swali ni kama kwa mtoto huyu iko njia fupi zaidi.

Mimi naona ipo, nayo ni damu. Ningekuwa ndiye ninayemtibu, ningeomba kipimo cha vinasaba kabla ya kisu. Hatua ya kwanza ni kipimo kinachoitwa MLPA, ambacho huangalia kama katika vile vipande 79 kuna vilivyopotea au vilivyojirudia. Wavulana kama 7 au 8 kati ya 10 wenye Duchenne hupata jibu hapo hapo. Waliobaki jeni yao husomwa herufi kwa herufi, na wengi wao nao hupata jibu. Likipatikana, nyama ya nini tena? Mtoto atakuwa amechomwa sindano moja ya mkononi, basi.

Tena kwa mazingira yetu damu ina faida nyingine ambayo watu hawaifikirii: inasafiri. Inawekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau na inakaa siku kadhaa bila vinasaba kuharibika. Hapa Tanzania kipimo cha namna hii mara nyingi hulazimu sampuli ipelekwe nje ya nchi, na kwa damu hilo linawezekana bila makuu. Nyama ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba uvumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu ndipo pesa na maumivu ya watu hupotea bure.

Msuli ukishakatwa, haufai kutumbukizwa kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, kama inavyofanywa kwa uvimbe. Fomalini inaua vimeng'enya ambavyo mtaalamu wa patholojia, yule anayesoma vipande vya mwili kwa hadubini, anataka kuvipaka rangi, na inavuruga utafutaji wa protini kama distrofini. Pia haufai kuelea kwenye chupa ya maji ya chumvi. Unafungwa kwenye shashi yenye unyevu kidogo tu, unawekwa juu ya barafu, na ndani ya saa chache unagandishwa kwa ghafla kwenye kimiminika kilichopozwa na nitrojeni mpaka karibu nyuzi 150 chini ya sifuri. Ukiganda polepole, kwa mfano kwenye friza ya kawaida, maji yaliyomo yanageuka chembe za barafu zinazotoboa kila uzi, na kinachoonekana kwenye hadubini ni matundu matupu. Baada ya hapo lazima ubaki kwenye baridi kali safari nzima, juu ya barafu kavu (gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa), hadi maabara. Nitrojeni yenyewe si kitu cha ajabu nchini. Wafugaji wanaijua, ndiyo inayohifadhi mbegu za ng'ombe pale kituo cha taifa cha uhimilishaji Usa River, Arusha. Shida ni kuwa nayo karibu na chumba cha upasuaji, saa ileile, pamoja na mtu anayejua kuitumia na mwingine anayejua kusoma matokeo.

Kwa hiyo ukifika huko ulikopewa rufaa, kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, uliza: "Nyama hii itagandishwa au itawekwa kwenye fomalini? Itasomwa wapi? Mtaipaka rangi ya kutafuta distrofini?" Usione haya, hujamdharau mtu. Ukijibiwa fomalini tu, sema kwa heshima kwamba ungependa msubiri. Kidonda atakipata mtoto, na karatasi itarudi imeandikwa kwamba msuli umeharibika, jambo ambalo CK imeshatuambia.

Kuna nyakati ambapo nyama inabaki kuwa kipimo sahihi, nisikudanganye. Kama vinasaba vya distrofini vikisomwa vyote na hitilafu isionekane, msuli unaweza kuonyesha kama distrofini ipo au haipo. Ikiwa haipo kabisa, ni Duchenne iliyojificha mahali ambapo kipimo cha damu hakikufika. Ikiwa ipo lakini hafifu na ya mabakamabaka, tunafikiria Becker. Ikiwa iko sawasawa, tunahamia kwenye magonjwa mengine ya misuli yanayofanana nayo, na baadhi yake huwapata hata wasichana. Kwa watu wazima kuna magonjwa ya misuli yanayosababishwa na kinga ya mwili kujishambulia, ambayo yana dawa, na huko nyama inaweza kubadilisha matibabu yote. Na kama gharama au umbali vikifanya kipimo cha vinasaba kishindikane kabisa, huku hospitali ikiwa na uwezo wa kugandisha nyama na kuisoma vizuri, basi nyama ichukuliwe. Ni bora kuliko kukaa gizani.

Sasa hofu ya mama mkwe. Ugonjwa huu hauna mahali ulipojificha ukisubiri kutoneshwa. Kama ni Duchenne, kila msuli wa mwili wake umekosa distrofini tangu akiwa tumboni, kwa hiyo hakuna kinachobaki cha kusambazwa. Kinachokatwa ni kipande cha kama sentimita moja kutoka msuli mkubwa wa upande wa nje wa paja, kupitia mchano mdogo, na paja halipungukiwi nguvu. Wataalamu huchagua msuli uliolegea kiasi, maana uliokwisha kabisa una mafuta na kovu tu na hausemi chochote. Kama alishapimwa umeme wa misuli kwa sindano kwenye mguu mmoja, nyama ichukuliwe mguu wa pili, kwa sababu alama za sindano zinaweza kusomeka kama ugonjwa. Baada ya hapo kuna maumivu ya siku chache, pengine kuvia damu, mara chache kidonda kupata usaha. Nyuzi za kushonea kidonda hutolewa baada ya wiki moja na nusu au mbili.

Hata hivyo sitamcheka bibi. Huenda amewahi kumwona mtoto aliyeingia hospitali akitembea akatoka akibebwa. Hilo hutokea, ila kisu hakina hatia. Anayemaliza nguvu ni kitanda. Misuli ya namna hii ikilazwa wiki mbili tatu bila kazi, nguvu iliyopotea inaweza isirudi. Mtoto akichukuliwa nyama leo, kesho au keshokutwa asimamishwe na atembezwe taratibu. Asifungwe kitandani kwa huruma.

Hatari inayonitia wasiwasi zaidi kuliko kisu chenyewe ni nusukaputi. Mtoto wa miaka 6 hawezi kutulia kwa ganzi peke yake, kwa hiyo mara nyingi atalazwa usingizi. Ipo dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksamethoniamu, na zipo gesi za usingizi kama halothani, zote za kawaida katika vyumba vyetu vya upasuaji na salama kwa watoto wengi. Kwa mtoto mwenye Duchenne, suksamethoniamu inaweza kupasua nyuzi za misuli kwa wingi, potasiamu ikamwagika kwenye damu na moyo ukasimama palepale. Gesi hizo nazo zinaweza kuleta balaa linalofanana. Ziko dawa mbadala za kupitisha kwenye mshipa wa damu, na mtaalamu wa usingizi aliyeambiwa mapema atazitumia. Asiyeambiwa hatajua, kwa sababu kwa macho mtoto anaonekana mzima na vigimbi vyake.

Na neva? Hili ninaliwekea alama kubwa ya kuuliza. Udhaifu unaweza kuanzia kwenye seli za uti wa mgongo, kwenye neva, pale neva inapokutana na msuli, au kwenye msuli wenyewe. CK ya maelfu kumi na kitu inatuambia hitilafu iko kwenye msuli, na neva haiwezi kutuongezea kitu. Neva inayokatwa kwa kawaida inapita nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa nje. Inabeba hisia tu, kwa hiyo mguu haupoozi, lakini ukingo wa nje wa unyayo unabaki na ganzi, pengine ya kudumu, na wengine hupata maumivu ya kuchomachoma kwa miezi. Ni bei ya kulipa pale tu panapokuwa na sababu: mishipa midogo ya damu inayolisha neva ikishukiwa kuvimba, au protini isiyo ya kawaida iitwayo amiloidi kujaa ndani ya neva, au ukoma ulioingia kwenye neva bila kuacha baka kwenye ngozi. Hata mtu mwenye kisukari anayewaka moto nyayo kwa kawaida hahitaji kukatwa neva. Kwa mwanao, kama daktari hatakuwa na sababu mahsusi ya kukueleza, ningekataa.

Nirudi kwa kaka yako. Kromosomu X mvulana huipata kwa mama yake tu. Kama kaka yako alikuwa na ugonjwa huuhuu, na maelezo yako yanalingana, basi jeni yenye hitilafu imepita upande wa mama yako na wewe umeibeba bila kujua. Najua maneno haya yanaweza kugeuzwa fimbo nyumbani. Hukufanya kosa. Hukula kitu, hukuacha kitu, hakuna aliyekutupia jambo, wala hukuwa na namna ya kulichagua. Karibu theluthi moja ya watoto wenye Duchenne huzaliwa na mama ambaye hana hitilafu hiyo kabisa; inatokea upya kwa mtoto. Kwa upande wako historia inasema vingine, na kujua hivyo kuna faida.

Faida ya kwanza ni kwa yule wa miezi 8. Wavulana wenye Duchenne huwa na CK ya juu sana tangu uchanga, kabla hawajaanza hata kutambaa. Apimwe CK wiki hii. Ni kipimo cha bei nafuu ambacho maabara nyingi za mikoa zinakiweza. Ikiwa ya kawaida, mshukuru Mungu na muendelee na kaka yake. Binti yako ana nafasi nusu kwa nusu ya kubeba jeni hiyo. Hana haja ya kuharakishwa, ataamua mwenyewe akikua, lakini asiolewe bila kujua kuwa kuna jambo la kuulizia. Dada zako vivyo hivyo. Wewe mwenyewe upimwe moyo kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ultrasaundi, kwa sababu baadhi ya wanawake wanaobeba jeni hii misuli ya moyo wao hulegea polepole.

Usisubiri majibu ya vinasaba ndipo uanze kumhudumia. Hakuna dawa inayoponya Duchenne leo, lakini dawa za jamii ya steroidi, kwa kawaida prednisoloni inayopimwa kwa uzito wa mtoto, huongeza miaka ya kutembea na kulinda kifua, na hufanya kazi vizuri zikianza mtoto angali anatembea. Umri wa mwanao ndio huo. Zina madhara: unene, kimo kudumaa, mifupa kuwa dhaifu, na haziruhusiwi kukatishwa ghafla. Kwa hiyo zisimamiwe na daktari wa watoto au wa neva, usizinunue duka la dawa. Wapo madaktari wanaoanza kwa dalili, CK na historia ya ukoo huku wakisubiri vinasaba, lizungumzeni hilo. Jeni ikijulikana, mtajua pia kama hitilafu yake ni kati ya zile chache zinazolengwa na dawa mpya, ambazo kwa sasa ni ghali mno na matokeo yake bado yanajadiliwa. Wakati huo anyooshwe vifundo kila siku na mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe namna. Mazoezi ya kunyanyua vitu vizito hayamfai.

Ukiwa na rufaa ya hospitali ya kanda au ya taifa, kama Bugando, KCMC au Muhimbili, omba kumwona daktari wa watoto anayeshughulika na neva kabla ya kupangiwa upasuaji. Nenda na karatasi zote, zikiwemo za ini, na video fupi ya simu inayomwonyesha akiinuka kutoka sakafuni. Sekunde hizo chache zinamfaa daktari kuliko kurasa mbili za maelezo. Usisubiri tarehe ya kliniki akitoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya kucheza, akihema kwa shida, akilalamika moyo kwenda mbio, au akianguka na kushindwa kukanyaga. Hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kuanzia leo, mbele ya jalada lake kila mahali, iandikwe kwa wino mwekundu: ashukiwa Duchenne, asipewe suksamethoniamu wala gesi za usingizi. Hata akienda kushonwa kidonda au kung'olewa jino.